Kujifunza Lugha kwa Mapenzi Kando ya Ziwa

Katika soko la Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, mama muuza nyanya humwita mteja kwa Dholuo, akamtajia mwingine bei kwa Kikipsigis, kisha akageuka kumkatalia wa tatu punguzo kwa Ekegusii, yote kabla hajafunga mfuko mmoja. Hakusomea lugha hizo wala hana cheti. Ukimuuliza hupenda kufanya nini akipata nafasi, hatakutajia lugha hata moja. Kwake hizo ni sehemu ya biashara.

Kisumu mjini, kijana aliyehitimu uuguzi analipia masomo ya Kijerumani jioni. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa ajira mjini Berlin, na tangu hapo kila mhitimu anajua kwamba bila Kijerumani hakuna safari. Naye hajifunzi kwa mapenzi, na hakuna wa kumlaumu. Kati ya mama wa Sondu na kijana huyu wapo watu wachache ambao hatuna desturi ya kuwazungumzia: mwalimu wa hisabati anayerudia vitenzi vya Kihispania kimoyomoyo akiwa ndani ya matatu, fundi wa redio aliyejifunza Lingala kwa sababu ya nyimbo za Franco, karani anayekwenda kujifunza lugha ya ishara Jumamosi ingawa nyumbani kwake hakuna kiziwi. Hao huulizwa swali moja na kila mtu: itakusaidia nini?

Swali lina haki ya kujibiwa kwa uzito, kwa sababu muda wa mtu ni mali yake na wengi wetu hatuna wa kuchezea. Jibu langu ni hili. Lugha inayofuatwa kwa haja hufuata nguvu: muuzaji hujifunza ya mnunuzi, mhamiaji ya mwenyeji, mtawaliwa ya mtawala, kabila dogo ya kabila kubwa. Ni nadra sana haja kumsukuma mwenye nguvu ajifunze lugha ya asiye na nguvu. Kinachoweza kumsukuma ni mapenzi. Ndiyo maana jambo hili tunaloliona kama mchezo wa watu wenye wakati wa ziada lina maana kubwa kuliko tunavyodhani, na mwambao wetu wa Ziwa Victoria, kuanzia Port Victoria hadi Muhuru, unalionyesha waziwazi.

Tuanze na reli. Ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence. Wakati huo upande huu ulihesabiwa kuwa ni Uganda. Ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Katika miaka michache, mji uliokuwa haujapata hata barabara za maana ulikuwa umejaa lugha. Kigujarati na Kipunjabi vilikuja na Wahindi wa reli na maduka. Luganda ililetwa na maajenti wa serikali na walimu wa dini kutoka Buganda. Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha kambini, kilikuja na askari wenye asili ya Sudan, ambao vizazi vyao bado vinaishi Kibos. Kiswahili kilikuwa cha wapagazi na wafanyabiashara, Kiingereza cha ofisi. Wenyeji walikuwa na Dholuo, na kaskazini kidogo tu, kwenye vilima vya Maseno, ikaanza nchi ya Wanyore.

Mwaka 1906 mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya leo. Hakukuwa na kamusi wala darasa la kumsubiri. Ilimbidi akae na watu, asikilize, aulize, akosee, aandike. Hatimaye aliandika sarufi ya Dholuo, na mwaka 1913 mtambo wa kuchapa ukaanza kufanya kazi Gendia. Alikuwa na haja yake, ndiyo: alitaka kuhubiri. Lakini sarufi haiandikwi na mtu anayetaka kuhubiri tu. Kuna mahali njiani ambapo mtu anaanza kuipenda lugha yenyewe, namna inavyopanga vokali zake na inavyogeuza konsonanti mwishoni mwa neno, na kazi inaenda mbali kuliko amri iliyomleta.

Wahindi wa madukani nao walijifunza Dholuo, maana mnunuzi alikuwa Mjaluo. Vizazi vilivyofuata vikazaliwa nayo. Shakeel Shabbir, aliyekuwa meya wa Kisumu na kisha akachaguliwa mbunge mwaka 2007, ni mtoto wa mji huu, na anapopanda jukwaani huongea Dholuo ya wenyewe. Sasa geuza swali: ni Wajaluo wangapi wanaozungumza Kigujarati? Tumeishi na lugha hiyo kwa zaidi ya miaka 120. Tumeisikia madukani, kwenye karakana, kwenye mashamba ya miwa ya Kibos na Miwani. Waliowahi kuijua upande wetu ni wale waliofanya kazi majikoni na nyuma ya kaunta, nao walijifunza kwa haja ileile iliyomfundisha mwenye duka Dholuo. Aliyeketi na mzee wa Kigujarati akamwambia, nifundishe, nimependa mnavyosimulia hadithi, huyo simjui. Na hasara hiyo ni yetu, maana wazee hao wanaondoka na kumbukumbu za mji ambazo hazikuandikwa popote.

Kisha ikaja enzi ya masomo ya ng'ambo. Barack Obama mkubwa, aliyesoma Maseno, alikwenda Hawaii mwaka 1959, na mwaka uliofuata alikutana na mkewe wa baadaye, Ann Dunham, katika darasa la Kirusi chuoni humo. Mtu wa mwambao huu katikati ya bahari ya Pasifiki, akijifunza Kirusi! Wakati huohuo mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga alikuwa anawatafutia vijana nafasi za masomo Moscow na katika nchi nyingine za kambi ya kisoshalisti. Mwanawe Raila alipelekwa Ujerumani Mashariki mwaka 1962, akaanzia Taasisi ya Herder mjini Leipzig, iliyokuwa ikiwafundisha wageni Kijerumani, kabla ya kusomea uhandisi Magdeburg. Kisumu yenyewe ilijengewa hospitali kwa msaada wa Wasovieti. Ilifunguliwa Oktoba 1969, siku ya umwagaji damu ambayo mji haujaisahau, na hadi leo, pamoja na jina lake rasmi la Jaramogi, mwendesha boda boda ukimwambia akupeleke Russia anajua pa kwenda.

Jina limebaki, lakini Kirusi chenyewe hukisikii barabarani. Lugha hizo zilikuja na ufadhili, na ufadhili ulipokatika waliorudi nazo hawakuwa na wa kuzungumza naye. Mtu anaweza kuikalia lugha darasani miaka mitano, akaiota usiku, na bado ikakauka kinywani kwa kukosa mwenzake.

Wataalamu wamelijadili suala la haja na mapenzi kwa muda mrefu. Robert Gardner na Wallace Lambert waliwachunguza vijana wa Montreal, wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kifaransa, na mwaka 1959 wakachapisha hoja iliyopata umaarufu: anayetamani kuwakaribia wenye lugha, kuishi nao na kuwaelewa, hufaulu kuliko anayetafuta faida tu. Walimu wengi waliipokea kama sheria. Mwaka 1972 Yasmeen Lukmani akawachunguza wasichana wa Bombay wazungumzaji wa Kimarathi, akakuta mambo kinyume: waliotaka Kiingereza kwa ajili ya kazi na hadhi ndio waliokijua zaidi. Sioni kwamba mmoja alisema kweli na mwingine akakosea. Montreal, Wafaransa walikuwa mtaa wa pili. Bombay, Waingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Kiingereza kilikuwa ngazi, na ngazi huhitaji kuipenda ili uipande. Kisumu ina hali zote mbili pamoja. Kijerumani kwetu ni ngazi. Lunyore, lugha ya Wanyore, ni mtaa wa pili.

Tuzungumzie na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi hufa moyo. Idara ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 600 hadi 750 za darasa ili amudu Kifaransa au Kihispania, kama 900 kwa Kijerumani au Kiswahili, na 2,200 kwa Kichina, Kiarabu au Kijapani. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kusoma kutwa nzima. Mtu wa Kisumu mwenye nusu saa kwa siku atazimaliza saa 700 za Kifaransa baada ya miaka karibu minne, na 2,200 za Kichina baada ya miaka 12. Sisemi hivi kumvunja mtu moyo. Nasema kwamba haja haina subira ya miaka 12. Mtihani ukipita, au visa ikinyimwa, kitabu hufungwa. Aliyeipenda lugha hana mwisho wa kumpita. Kila hatua kwake ni faida tayari, hata kama ni kuelewa tu salamu za redioni.

Upande wa lugha za mbali, Kisumu ina sababu nyingi za kuzipenda kuliko inavyoonekana. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake hapa, na mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya walivikubali Kifaransa na Kiswahili kuwa lugha zake pamoja na Kiingereza. Mei 2022 mji ulipokea mkutano wa Africities, uliokwisha kufanyika Abidjan, Yaoundé, Dakar na Marrakech kabla ya kufika kwetu, na kwa siku chache Kifaransa kilisikika kwenye hoteli na kando ya maji kama kitu cha kawaida. Wageni wakarudi kwao. Mtaala mpya wa shule unataja Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Kichina kilitangazwa mwaka 2019 kwamba kingeanza kufundishwa mwaka uliofuata. Yote haya ni mema, nami ningefurahi kuona kila mtoto akipata nafasi. Ila nayaona yote yakielekea upande mmoja, upande wa cheti.

Mahali ambapo mapenzi yametangulia haja ni kwenye muziki. Hakuna aliyetulazimisha kuipenda Lingala. Iliingia na santuri na redio, ikakaa kwenye vilabu, ikatia rangi benga na rumba za kwetu hadi wanamuziki wa Nyanza wakaimba kwa kuchanganya. Wimbo wa Franco uitwao Mario, wa mwaka 1985, watu wazima wa Kisumu wanaujua kisa chake, kijana anayelelewa na mama aliyemzidi umri, na wapo wanaoweza kuuimba wote bila kujua neno moja moja lina maana gani. Unesco ilipoitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa dunia Desemba 2021, furaha ilifika huku pia. Nafikiri hapa kuna shule kubwa iliyofungwa milango. Mtu aliyekwisha kuhifadhi nyimbo hamsini ana matamshi, ana mapigo ya lugha, ana mamia ya maneno kichwani ambayo hayajapewa maana. Anachokosa ni Mkongomani mmoja wa kukaa naye, na Wakongomani wamo humu mjini, wengine vinyozi, wengine wauza vitenge, wengine wahubiri.

Na simu? Kiswahili kilipata kozi yake kwenye Duolingo mwaka 2017. Dholuo haina. Hata hivyo, katikati ya 2024 Google iliiweka Dholuo kwenye huduma yake ya tafsiri pamoja na lugha nyingine zaidi ya mia kwa mkupuo, na kabla ya hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno na wenzao wa vyuo vingine vya Kenya walikuwa wamekusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na lugha za Waluhya ili mashine zipate cha kujifunzia. Wapo wanaosema mashine ikitafsiri kila kitu hakuna atakayejifunza lugha tena. Mimi naona kinyume. Mashine itapunguza haja: bei itatafsiriwa, fomu itatafsiriwa, maagizo ya dawa yatatafsiriwa. Itakayobaki ni sababu ambayo haja haikuwahi kuigusa, kutaka kumsikia mtu kwa lugha yake mwenyewe. Simu haiwezi kukuketisha matangani usiku ukaelewa kwa nini watu wamecheka.

Sasa nifike kwenye Kisuba, maana hapa ndipo hoja yangu ina uzito kwangu kuliko kwingine kote.

Wasuba wa Mfangano na Rusinga husimulia kwamba wahenga wao walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda karne ya 18. Lugha yao ni ya Kibantu, ndugu wa Luganda na Kisoga, na haina udugu wa damu na Dholuo. Lakini majirani zao Wajaluo walikuwa wengi, wakaoana nao, wakauza samaki pamoja nao. Kanisa lilihubiri kwa Dholuo, shule ikafundisha kwa Dholuo, na vizazi vikahama taratibu. Rusinga lugha imekwisha karibu yote. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani humo, alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge upande wa Thika, akakua akiongea Kikamba na watoto wenzake; dunia ilimjua kama Mjaluo, na wachache walikumbuka kwamba ukoo wake ni wa Kisuba. Mfangano bado wapo wazungumzaji, na kisiwa kina redio ya jamii, Ekialo Kiona, inayotangaza kwa lugha hiyo. Serikali iliwahi kuruhusu Kisuba kifundishwe shuleni na vitabu vikatengenezwa. Kazi hiyo yote imefanywa na Wasuba wenyewe, au na wageni kutoka ng'ambo ya bahari.

Sisi tulio wengi tumefanya nini? Dholuo haikukusudia kukimeza Kisuba, haikuwa vita. Ilikuwa haja tu, siku baada ya siku, mdogo akijifunza ya mkubwa na mkubwa akiona ni kawaida. Mjaluo anayeamua kujifunza Kisuba anafanya kitu ambacho soko halingemwambia akifanye kamwe. Mzee wa Mfangano anaposikia mtu wa Kisumu akimsalimu kwa Kisuba, tena kwa kuvunjavunja, anaona kwamba lugha yake inafaa kufuatwa. Mjukuu wake aliyekuwa anaionea haya anasikia pia. Kwa lugha yenye wazungumzaji wachache, mwanafunzi mmoja wa nje ana thamani isiyokuwapo kwenye Kifaransa, ambacho kina mamilioni na hakitatambua kwamba umejiunga au umeacha. Safari si ndefu: gari hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kisha boti.

Karibu zaidi na sisi, na tusiyoiona kabisa, ni lugha ya ishara. Shule ya viziwi ya Nyang'oma, upande wa Bondo, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa nchini pamoja na ya Mumias. Kwa miaka mingi mafundisho ya viziwi Kenya yaliwataka watoto wasome midomo na wajikaze kutamka, wakati wenyewe walikuwa wakizungumza kwa mikono yao bwenini na uwanjani. Kutokana na mazungumzo hayo ya watoto, lugha ilikua. Profesa Okoth Okombo, aliyekuwa amekwisha kuichambua Dholuo kwa kina, alikuwa miongoni mwa walioongoza utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1991, na Katiba ya 2010 ikaitambua: serikali imetakiwa kuikuza, nayo imewekwa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Katiba imesema, lakini nenda kliniki, nenda kituo cha polisi, nenda kwa fundi cherehani. Kiziwi wa Kisumu huandika kwenye karatasi au huja na ndugu yake wa kumsemea. Yeye ndiye anayepanda mlima kila siku. Yule karani niliyemtaja mwanzoni, asiye na kiziwi nyumbani, akijua ishara mia tatu tu, siku moja mtu ataingia ofisini na kuhudumiwa bila kumwita dada yake. Lugha hii haihitaji visa wala ada ya mtihani wa kimataifa. Ina sarufi yake kamili, ina utani wake, ina namna yake ya kusimulia ambayo mtu wa masikio hawezi kuiwazia kabla hajaiona. Kama ningeambiwa nimshauri mtu wa Kisumu lugha moja ya kujifunza kwa kupenda, ningemtajia hii kabla ya zote.

Vipo vizuizi, na cha kwanza tulijifunza shuleni. Wengi wetu tulivishwa kile kibao cha aibu kwa kuongea lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu hiyo katika kitabu chake cha 1986, na kila aliyekisoma hapa alijua kinasema nini. Tume ya Gachathi ilikwisha kupendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mtoto, lakini kibao hakikuondoka kwa sababu ya pendekezo. Mtoto aliyeadhibiwa kwa lugha hukua akiiona lugha yoyote kama mahali pa kukamatwa. Akiwa mtu mzima hathubutu kukosea, na asiyethubutu kukosea hajifunzi.

Cha pili ni kicheko. Dholuo haina sauti ya sh wala z, kwa hiyo Mjaluo anayejifunza Kiswahili hukutana na watu waliokaa tayari kumcheka, na wachekeshaji wa televisheni wamelifanya hilo riziki. Nasi pia tunacheka. Dholuo ina vokali tisa na toni zake; mtu wa vokali tano lazima azichanganye, na akizichanganya tunarudia kosa lake kwa wenzetu mpaka anyamaze. Dunga ufukweni nimeona namna nyingine. Mgeni anasema, "Oyawore, Mama," kwa toni iliyopinda, na mama wa samaki anajibu polepole ili asikike, "Oyawore ahinya, nyathina. Ia kanye?", yaani, habari ya asubuhi, mwanangu, umetoka wapi? Akijibu, "Aa Nairobi," huenda bei ya ngege isishuke hata shilingi moja, lakini mazungumzo yameanza, na mgeni atarudi kesho na sentensi nyingine. Ualimu wa kwanza wa lugha ni kutocheka.

Cha tatu ni siasa, nacho ni kigumu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hapa mjini na kwingineko nchini, lugha iligeuka kipimo cha nani aishi na nani afukuzwe. Hadi leo mtu anayejua lugha ya kabila jingine huulizwa ameijulia wapi, kana kwamba ameiba. Sondu yenyewe, pamoja na wachuuzi wake wa lugha tatu, imewahi kuwaka moto. Kwa hiyo sitadai kwamba kujua lugha ya jirani kunaleta amani. Mama wa Sondu anazijua na bado amewahi kufunga kibanda na kukimbia. Ninachodai ni kidogo zaidi. Lugha ya soko inakupa bei ya jirani yako. Lugha uliyoikalia kwa mapenzi, ukasikiliza misiba na mashairi yake, inakupa jirani mwenyewe, na mtu huyo ni vigumu kumfanya hesabu ya kura.

Niguse pia mapenzi yasiyo na nchi. Agosti 2024 wazungumzaji wa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na Zamenhof mwaka 1887, walifanya kongamano lao la dunia Arusha, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Lugha hiyo haina jeshi, haina sarafu, haina ubalozi. Waliofika walikuja kwa kuipenda. Imedumu zaidi ya karne moja kwa sababu wenyewe hutafutana, hualikana majumbani, huandikiana. Wanaopenda lugha za mbali hapa Kisumu wangejifunza hilo kutoka kwao: watatu wanaokutana kila wiki kuzungumza Kihispania kibovu watafika mbali kuliko mmoja mwenye vitabu vizuri aliyejifungia chumbani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kaunti na kwa msomaji. Mji una maktaba ya umma. Una viziwi wenye uwezo wa kufundisha ambao hawana kazi. Una Wanubi Kibos, Wanyore wa Maseno, Wakongomani, wazee wa Kigujarati, Wasuba waliohamia mjini. Chumba kimoja Jumamosi asubuhi, na malipo ya haki kwa mwalimu, si mzigo wa kuishinda bajeti ya kaunti. Wawakilishi wa wadi wanaweza kuliweka hilo kwenye mpango wa mwaka ujao wakitaka. Nawe usisubiri mpango. Chagua mtu mmoja unayemwona kila wiki ambaye lugha yake hujawahi kuijaribu, mwombe akufundishe maamkizi, na umlipe.